Furushi la Juu ya Kabati

Chang'ombe,
Dodoma.
Jumapili, 18 Julai 1999

Kwa kaka yangu mpendwa Bashiri,

Assalaam alaykum, na shikamoo.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anataka barua ya kirafiki ianze kwa kuuliza hali, kisha mwandishi aseme kwamba hofu yake yote iko kwa anayeandikiwa. Hali nakuuliza kwa moyo, kaka, maana huko Mwanza nasikia kuna baridi ya ziwa asubuhi na wewe sweta hukuwa unalipenda. Lakini hofu sina. Barua yako ya mwezi uliopita ilikuwa na doa la mafuta kwenye ukingo, nikainusa, ni samaki, nikajua unakula vizuri. Sisi hapa ni wazima wote. Nakuambia mapema kwa sababu barua hii ni nene, na nisingependa uipime mkononi pale posta ukadhani kuna msiba. Hakuna aliyefariki wala aliyelazwa. Tafuta mahali ukae, uisome taratibu.

Barua yako niliipata shuleni. Majina ya wenye barua husomwa mstarini, na unajua jinsi ninavyopenda kutembea mbele ya watu. Nilijifanya sikusikia mpaka Miriam, ninayekaa naye dawati moja, akanisukuma mgongoni. Nilipofika nyumbani nilimsomea Mama jikoni. Baba nilimwachia mezani chini ya miwani yake, kama kawaida. Aliisoma yote, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akairudisha chini ya miwani. Ile salamu yako ya "wasalimie wote" aliiona. Sijui kama alijihesabu humo.

Ngoja nianze na huyo huyo Baba, maana habari yenyewe inaanzia kwake.

Unajua kwamba shirika lilipunguza wafanyakazi mwezi wa Januari na Baba akawa mmoja wao. Nilikuandikia jambo hilo kwa mstari mmoja tu, kwa sababu sikujua mstari wa pili uweje. Mstari wa pili ni huu: aliendelea kuamka alfajiri vilevile, akaswali, akapiga viatu kiwi, akavaa shati lake la kazini, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Viatu vinang'aa na havina pa kwenda. Miaka yote ile alitunza stoo ya vipuri, akajua kila boliti iko rafu gani, na sasa hata ukimuuliza chai iwe na sukari anakutazama kana kwamba umemuuliza jambo la nchi nyingine. Mama alikaanga maandazi yake akayatoa uani bila kuimba. Nyumba ikawa kimya kama maktaba. Mimi napenda maktaba, wewe unajua, lakini maktabani mtu huenda akarudi. Hakai humo na baba yake.

Bibi akaja mwezi wa tano kutoka Haubi, kule Kondoa, kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Ilikwenda vizuri. Daktari akamkataza kuinama, kubeba kitu, kukaa na moshi, na kutoka nje kwenye upepo, na Dodoma hii unaijua ilivyo kuanzia mwezi wa sita, vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Basi Bibi, ambaye sijawahi kumwona bila jembe au mwiko mkononi, akawekwa kwenye kochi la sebuleni kama mgeni rasmi. Nikajitolea kumsomea vitabu. Alivumilia viwili. Cha tatu akasema watu wa vitabu vyangu wanafikiri mno, na kama wangekuwa na shamba la kupalilia matatizo yale yasingewapata. TV nayo ni ileile uliyoiacha. Ukizungusha antena mpaka igonge ukuta, huleta chenga nyingi kuliko watu.

Siku bandeji ilipotolewa, shida ikaanza upya, maana Bibi alianza kuona. Aliona utando wa buibui kwenye dari, nikautoa. Aliona kwamba nimekonda, akamlaumu Mama. Halafu akaona furushi la khanga juu ya kabati la vyombo, akauliza ni nini.

Bibi hakuwepo ile siku matokeo yako ya kidato cha sita yalipotoka, lakini mimi nilikuwepo, nimesimama nyuma ya mlango. Hatukuwahi kuizungumza. Nakumbuka Baba alivyotaja baiskeli, ile aliyokununulia uende nayo shule, ambayo ulibadilishana na yule kijana wa Area C kwa mashine ya gemu. Nakumbuka alivyosema hiyo mashine ndiyo iliyofanya mtihani badala yako. Na wewe ukasema ulilosema, mvua inanyesha mwaka ule wa mvua kubwa, barabara zimekatika, ukaondoka hivyohivyo. Kesho yake furushi likawa juu ya kabati, na Baba akasema asiliguse mtu. Hakuna aliyeligusa. Hata Mama akipangusa kabati alipita pembeni yake, kama mtu anayefagia karibu na aliyelala.

Nilimweleza Bibi yote hayo kwa sauti ndogo. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, asubuhi, Baba ametoka kufuatilia mafao yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Aliyesema lisiguswe nilimzaa mimi. Lishushe, mke mwenzangu."

Bado ananiita hivyo, na wewe bado ni mume wake, na analalamika kwa kila mgeni kwamba mume wake amekimbilia kwa Wasukuma bila talaka.

Nikapanda kwenye stuli nikalishusha. Nilidhani nitakuta mashine imetupwatupwa humo, waya zimejisokota na rimoti za kuchezea zimepasuka, kwa sababu lilifungwa na mtu mwenye hasira. Sivyo nilivyokuta. Chini ya khanga kulikuwa na gazeti, chini ya gazeti mfuko wa nailoni uliokunjwa mdomo mara mbili. Waya za rimoti zilikuwa zimezungushwa duara na kufungwa kwa uzi. Ile kaseti ya gemu ilikuwa kwenye mfuko wake peke yake. Nikashangaa, lakini Bibi alikuwa ananiharakisha, nikaliweka jambo hilo akilini na kuendelea. Nawe liweke.

Adapta ilikuwa imekufa. Nilikwenda nayo kwa fundi Fabian, yule wa redio karibu na soko, nikasimama nje ya kibanda chake mpaka akaniuliza kama nimekuja kununua kivuli. Aliinusa adapta, akasema imefariki zamani na wafiwa tumechelewa, akanipa nyingine aliyoitoa kwenye redio mbovu. Malipo alitaka asali ya Kondoa, aliyokwisha kusikia kwamba Bibi amekuja nayo. Sijui alisikia wapi. Mtaa huu hauna siri hata ya asali.

Nikaunganisha kama nilivyokuwa nikikuona ukifanya, wewe ukicheza na mimi nimekaa nyuma yako na kitabu ambacho sikukisoma. Taa nyekundu ikawaka. Kwenye TV kukatokea ukijivu mtupu. Nikakumbuka kwamba ulikuwa unaichomoa kaseti na kuipuliza kwenye yale meno yake ya shaba. Nikaichomoa, nikapuliza, nikarudisha. Ukijivu. Nikapuliza tena. Bibi alikuwa ananitazama kwa lile jicho jipya bila kupepesa, kisha akaniuliza kwa upole ninasoma nini kabla ya kupuliza.

Nikamwambia sisomi kitu, Bibi, ninapuliza tu.

Akasema basi ndiyo maana. Mtu hupuliza baada ya kusoma. Kupuliza bila kusoma ni kupoza uji. Akaniuliza kama huko sekondari hawatufundishi hata hilo. Nikajaribu kumweleza habari za vumbi na umeme, nikaeleza vizuri kabisa, kwa mpangilio, hata mwalimu wa fizikia angeridhika. Bibi akanyoosha mkono nimpe kaseti. Akaishika kama anavyoshika paji la uso la mtoto mwenye homa, akasoma Bismillahi, akasoma na Alhamdu yote mpaka mwisho, bila haraka, akapuliza mara tatu taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikairudisha.

Ikawaka, kaka. Muziki uleule, mlima uleule wa kijani, na yule mtu mdogo mwenye mzigo kichwani amesimama kwenye kona ya chini akisubiri aambiwe aende.

Bibi hakushangaa hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshangaa, na nilipogeuka nimtazame nikamwona Baba amesimama mlangoni, bahasha mkononi, viatu vimejaa vumbi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Muziki unalia, furushi limefunguliwa sakafuni. Baba alitazama TV, akatazama khanga sakafuni, akamtazama mama yake aliyekuwa bado amenyoosha mkono, tayari kwa dua nyingine.

"Mama," akasema, "umeisomea mashine ya Wachina?"

"Mgonjwa ni mgonjwa," Bibi akamjibu. "Vua viatu ukae, unamziba huyu mtu njia."

Baba akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, nikadhani amekabwa na vumbi, kisha akashika fremu ya mlango akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama akaja mbio kutoka uani akiwa na mwiko unaochuruzika mafuta. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu kabla hujaondoka. Mama alisimama pale akimtazama, mafuta yanadondoka kwenye zulia, na hakusema neno juu ya zulia.

Tangu siku hiyo mashine haijarudi juu ya kabati, na mwenye ruhusa ya kupuliza ni Bibi peke yake.

Sasa nikueleze jinsi tunavyoifaidi, maana najua utacheka ukisema kaseti ile ina gemu tatu tu zinazofanya kazi, nyingine zote ni hizohizo kwa majina tofauti, na wewe ulizimaliza zamani ukachoka. Ni kweli. Mimi pia nilidhani tutazichoka kabla likizo haijaisha. Lakini wewe ulikuwa unacheza ili umalize. Bibi hajui kwamba zinaisha, basi anacheza kama mtu aliyehamia.

Chukua ile ya magari. Bibi hakubali kumpita mtu. Anasema barabara ni ya wote na wale wa mbele huenda wana mgonjwa. Anaendesha polepole, kila gari likimpita analisalimia, na anafika wa mwisho na heshima zake. Sasa sisi sote tunashindana nani atakuwa wa mwisho bila kusimama, na nakuhakikishia ni kazi ngumu kuliko kuwa wa kwanza. Mimi nimeshindwa mara nyingi kwa kufika mapema.

Na ile ya yule mtu mwenye mzigo na ndege wanaoangusha mawe, ambayo wewe ulikuwa unawapiga wote, Bibi amekataza kuwapiga. Ndege hawajatukosea, anasema, sisi ndio tunaopita kwenye mlima wao. Basi tunapita katikati yao bila kumgusa hata mmoja, na siku tukifanikiwa tunapumua kama tuliotoka mtihanini. Tukichoka na hilo tunacheza wawili kwa rimoti moja: Bibi anashika kwenda, mimi nashika kuruka, na tunagombana njia nzima. Mama hachezi, lakini muziki umemwingia, anaukaangia maandazi kila asubuhi, na juzi nilimsikia Brightness wa jirani akiuimba huku akiruka kamba. Mama pia ndiye aliyegundua kwamba ile milima ya nyuma ni mitatu tu, inajirudia kama urembo wa kitenge. Mimi nimeanza kumwandikia yule mtu mwenye mzigo historia ya maisha yake, anatoka wapi, na kilichomo mzigoni. Nimefikia kurasa nyingi na bado hajavuka daraja la kwanza. Nilimsomea Bibi. Akasema hii afadhali, huyu angalau anatembea.

Tunacheza kati ya Magharibi na Isha, umeme ukiwepo. Baba mwanzoni alikaa kwenye kiti chake cha dirishani akijifanya anasoma gazeti. Kisha akakigeuza kiti. Kisha siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta mashine imewekwa ndani ya kasha la mbao lenye mlango mdogo na chandarua nyuma ili ipumue bila kula vumbi. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za kreti la soda, pembe zote zimekaa sawa, kama rafu zake za stoo. Mama Brightness alipoliona akataka la TV yake, lenye kufuli. Sasa anatengeneza la tatu, la mtu wa kijiji cha Zuzu ambaye hata hatumjui. Asubuhi bado anaamka alfajiri, ila viatu havipigi kiwi tena, anavaa ndala na ana vumbi la mbao kwenye nyusi.

Nimekaribia jambo lenyewe, kaka, na mkono wangu umepunguza mwendo.

Yule mtu mwenye mzigo tulikuwa hatujampa jina. Bibi ndiye aliyempa. Alimtazama jioni moja akienda, akienda, na akaniuliza kama hawezi kurudi nyuma. Nikamwambia hapana, gemu hii picha ikishapita upande wa kushoto imepita, anakwenda mbele tu. Bibi akasema basi huyu namjua, huyu ni Bashiri, anakimbia wala hageuki. Akacheka, nami nikacheka. Mama akarudi jikoni. Baba akafunua ukurasa wa gazeti. Lakini jina likakaa, na kila jioni nyumba hii ikawa inasema Bashiri ruka, Bashiri subiri, Bashiri usiwaguse hao.

Wiki iliyopita Baba mwenyewe ndiye aliyeshika rimoti. Alifika kwenye daraja la nne, lile linalokatika katikati, na yule mtu akatumbukia mtoni. Bibi, ambaye hucheza kwa sauti, akapiga kelele kwamba Bashiri kaanguka mtoni jamani, Bashiri kazama. Mama Brightness alikuwa anaanua nguo upande wa pili wa ukuta. Akaingia mlangoni kwetu khanga kajifunga kiunoni, nyuma yake wanawake wawili, machozi tayari, wameshika vichwa. Mama aliyekuwa uani akaona watu wanalia sebuleni kwake, naye akaanza kulia hajui analilia nini. Ilichukua muda kuwaeleza. Mama Brightness alimtazama yule mtu kwenye TV, mdogo kama punje ya haragwe, akafuta macho kwa pindo la khanga, akakaa chini, akasema kwa kuwa ameshakuja basi naye ajaribu. Alimzamisha mara nyingi kuliko sisi sote.

Tulicheka sana jioni ile. Baba hakucheka. Alitoka, akasimama karibu na pipa la maji kwa muda mrefu. Wageni walipoondoka akarudi ndani, akamwambia mama yake kwamba huyu mtu apewe jina lingine.

"Atapewa," Bibi akasema, "siku mwenyewe akija kulichukua hilo."

Baba akaingia chumbani. Nami nikadhani mchezo umekwisha, kwamba kesho yake nitakuta furushi juu ya kabati. Badala yake, siku zilizofuata nikirudi shuleni nilikuta mashine ina joto. Nilimuuliza Bibi kama anacheza peke yake mchana. Akasema yeye mchana hulala, au watu hudhani analala, na jicho lake moja sasa linaona mpaka mlangoni. Mwanawe huacha randa, hunawa mikono, hukaa kwenye zulia na kucheza gemu moja tu, na ndani yake daraja moja tu, la nne. Huanguka, huanza upya. Mara nyingine humwambia yule mtu maneno. Nilimuuliza maneno gani. Bibi akasema mengine ni ya mzazi, hayasemwi kwa watoto, lakini si ya ugomvi.

Juzi Ijumaa, baada ya chakula, Baba alinifuata mezani nilipokuwa nikifanya hesabu. Aliuliza kama najua daraja lile linavukwaje. Nikamwambia sijui, nilikuwa nikikuona tu ukilivuka, umekunja miguu na ulimi umeutoa pembeni. Akasema, "Alikuwa analivuka. Nilimwona." Halafu akakaa. Kaka, mimi sikujua kwamba alikuwa anakutazama. Nilidhani alikuwa anapita tu akienda chumbani.

Unajua mimi si mtu wa kuuliza. Lakini alikuwa amekaa na hakuwa anaondoka, basi nikamuuliza lile nililoliweka akilini tangu siku ya kwanza: kwa nini furushi lilifungwa vile, na gazeti, na nailoni, na uzi kwenye waya.

Alifikiri kama mtu anayetafuta kitu rafuni. Akasema stoo ina vitu vya aina mbili. "Cha kutupa tulikuwa tunakirundika uani, kinyeshewe. Kinachofungwa vizuri ni kile ambacho mwenyewe atakuja kukifuata." Akasema alidhani ungekuja kulidai furushi ndani ya wiki. Alipanga na la kukuambia. Wiki ikapita, akasema labda mwezi, na kadiri siku zilivyokwenda lile la kukuambia likawa gumu, mwishoni akaona heri asitazame juu ya kabati.

Hilo ndilo nililotaka ulijue, na ndilo lililoifanya barua iwe nene. Muda wote huu wewe na mimi tulidhani lile furushi ni hasira yake. Kumbe alikuwa amekutunzia.

Sikuambii uje. Sina adabu ya kumpangia kaka yangu, na najua tajiri wako wa duka la vipuri vya baiskeli hapendi mtu akiomba ruhusa. Nakuambia tu kwamba Bibi atakuwa hapa mpaka mwisho wa Agosti, daktari amtazame jicho mara ya mwisho, na kwamba anasema hataki kurudi Haubi kabla hajamwona mumewe kwa jicho hili jipya, maana kwa macho ya zamani alikuwa anakusifia uzuri kwa kubahatisha.

Mama anakusalimu na anauliza kama zile soksi zilifika. Mama Brightness anakusalimu, na anafurahi hukuzama. Fundi Fabian anasema ukija uje na adapta. Bibi amesema nisiandike salamu zake, atazisema mwenyewe. Nami nakusalimu kwa mapenzi yote ya mdogo wako anayekukumbuka kila nikiona taa nyekundu inawaka.

Baba amejua kwamba nakuandikia. Hakuomba kusoma. Ameomba tu nimwachie nafasi chini ya ukurasa wa mwisho, na kesho ataipeleka posta mwenyewe, kwa hiyo sitajua ameandika nini. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Tabu Adamu


Bashiri,

Salamu.

Daraja la nne, lile linalokatika katikati. Mdogo wako hajui na bibi yako anabahatisha. Nimejaribu kuruka mapema, nimejaribu kuchelewa, naanguka tu.

Usiniandikie jibu. Njoo unionyeshe.

Baba yako.